Jazz ni ipi? Ubishi wa Jumamosi, Mikocheni

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyakuta mazungumzo haya gazetini, juma hili sikuletei habari ya bei ya sukari wala ya foleni ya Mwenge. Nakuletea ubishi. Nimeuokota Mikocheni, kwenye ua wa mzee mmoja mstaafu wa reli, si mbali na Barabara ya Mwai Kibaki, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Bagamoyo ya zamani.

Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri hukutana pale watu saba au wanane. Kila mmoja huja na chake. Yuko anayekuja na santuri zake kazifunga katika kitenge kama mtoto mchanga. Yuko mwenye kikapu cha kanda. Vijana huja na simu tu mfukoni. Mwenye nyumba hutoa mashine yake ya santuri, huipangusa vumbi, na mkewe huleta kahawa na kashata. Sheria ya baraza ni moja. Kila aliyehudhuria hupiga wimbo mmoja anaoupenda kuliko zote, kisha anautetea mbele za watu. Hapo ndipo vita inapoanza.

Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja mpiga saksafoni, ambaye hujipatia riziki yake kwenye hoteli za mjini. Akatupigia John Coltrane. Tulisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kilipomalizika, mwenye nyumba akashusha kikombe chake.

"Mwanangu," akasema, "huyu bwana anajua kazi yake. Lakini hiyo siyo jazz. Jazz ni Western."

Watu wakacheka. Kijana hakucheka. "Babu, kwa heshima zote, jazz imezaliwa Marekani, New Orleans. Western Jazz walikuwa wanapiga rumba."

"Wao wenyewe walijiita nani?"

"Western Jazz."

"Basi. Mtu haitwi ila kwa jina lake."

Wakanigeukia mimi. Kwa kuwa nafanya kazi ya redio, watu hudhani nimemeza kabati zima la kanda. Niliomba wanipe muda nikatafute. Mazungumzo haya ni majibu yangu kwa baraza lile, na kwa kila nyumba ambayo ubishi huu umewahi kuingia.

Tuanze na neno lenyewe. Katika miaka ya 1920 na 1930 jina la jazz lilienea duniani kwa santuri na kwa filamu. Hapa kwetu lilikuta watu ambao tayari walikuwa na bendi na tayari walikuwa na ushabiki. Wazee wetu walikuwa na beni, ngoma ya gwaride na matarumbeta, iliyogawa miji ya pwani na bara katika makundi mawili makubwa, Marini na Arinoti. Huyu akishona sare mpya, yule anashona iliyo bora zaidi. Kwa hiyo msije mkadhani Msondo na Sikinde ndio waliotufundisha kushindana. Tulizaliwa tunashindana.

Mwaka 1932 vijana wa mji huu wakaanzisha Dar es Salaam Jazz Band. Na mwaka uliofuata, 1933, kampuni ya HMV ya Uingereza ikaanza kutoa santuri zilizoandikwa herufi GV, zikiwa na nyimbo za Kuba, ambazo zilipata wanunuzi wengi sana barani Afrika. Hebu fikiri basi. Kijana wa Kariakoo amechukua jina kutoka Marekani, halafu sikio lake likashikwa na rumba ya Kuba. Jazz kwetu ikawa na maana ya bendi ya kisasa ya dansi, yenye magitaa na matarumbeta, ya watu waliovaa suti na viatu vya kung'aa. Likawa jina la mtindo wa kuishi mjini kuliko jina la namna ya kupiga noti.

Ndivyo zilivyoota kila mahali. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Western Jazz ilianzishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende na wenzake waliotoka mikoa ya magharibi, ndiyo maana ya jina hilo. Ilikuwapo pia Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande. Tanga ikawa na Atomic Jazz, Tabora ikawa na Tabora Jazz, na mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikaunda NUTA Jazz. Kati ya bendi kubwa za enzi ile, naona iliyosema ukweli mtupu kwa jina lake ni ile ya Salum Abdallah pale Morogoro, Cuban Marimba. Hao walikiri mlangoni kabisa kwamba wamekwenda Kuba kuazima.

Kwa kipimo cha New Orleans, basi, kijana wa saksafoni ana haki. Kwa kipimo cha Kariakoo, mzee wa reli ana haki. Lakini nilipochimba zaidi nilikuta jambo ambalo wote wawili hawakulitaja, nami nililipeleka barazani Jumamosi iliyofuata.

Wakati sisi tunaazima jina kwao, wao walikuwa wanaazima majina kwetu. Mwaka 1958, TANU ikiwa na umri wa miaka minne tu, Wilbur Harden na huyo huyo John Coltrane walirekodi santuri iliyoitwa "Tanganyika Strut". Novemba 1960, mwaka mmoja na ushei kabla ya bendera yetu kupanda, mpiga piano Randy Weston alirekodi mjini New York santuri aliyoiita "Uhuru Afrika". Alitaka lugha ya Kiafrika isikike ndani yake, akachagua Kiswahili. Maneno aliyaandika mshairi Langston Hughes, na aliyeyasema kwa Kiswahili mbele ya kipaza sauti ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Kipande kimoja cha santuri hiyo kinaitwa "Kucheza Blues". Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku mwaka 1964. Na mwaka 1971 Herbie Hancock alitoa santuri inayoitwa "Mwandishi", jina ambalo alilichukua likawa lake mwenyewe, na wenzake katika bendi wakajiita Mganga, Mchezaji, Jabali.

Nilipomaliza kusema hayo, mzee wa reli alikaa kimya kidogo. Kisha akamwambia yule kijana, "Huyo Coltrane wako aliijua Tanganyika?"

"Aliijua kwa jina, babu."

"Nasi New Orleans tuliijua kwa jina. Piga tena."

Nilidhani ubishi umekwisha. Kumbe ule ulikuwa wa kufungua mdomo tu. Ubishi wenyewe hasa wa baraza lile si wa neno jazz. Ni wa nani alipiga nini, katika wimbo upi, na nani ana ushahidi.

Msomaji kijana, nikueleze kidogo. Kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Western walikuwa na Saboso, Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata, Atomic walikuwa na Kiweka, NUTA walikuwa na Msondo. Mwaka 1978 ilipozaliwa Mlimani Park Orchestra ikaja na Sikinde. Shabiki hakuwa anapenda wimbo tu, alikuwa na chama. Pale Morogoro nyumba moja ilikuwa na wa Cuban Marimba na wa Morogoro Jazz, na wote wawili walikula chakula cha usiku kwa kununiana. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka Japani kwenye maonyesho ya Expo ya mwaka 1970, akafariki naye kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979. Wote hawapo, na bado Mikocheni wanagombewa kana kwamba watapanda jukwaani leo usiku.

Na kwa upande wa Dar es Salaam kuna kesi ya magitaa. Mzee wa reli ni mtu wa Western Jazz, na kwake yeye hakuna aliyelishika gitaa la solo kama Rashid Hanzuruni. Mpinzani wake ni mama mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye ujana wake aliucheza katika ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja. Yeye ni wa Dar es Salaam Jazz, na mtu wake ni Michael Enoch. Mama huyu ana hoja nzito. "Ninyi mlikuwa mnasikiliza," huwaambia. "Mimi nilikuwa nacheza. Mguu haudanganyiki."

Sasa kuna wimbo mmoja. Sitautaja, maana nikiutaja nitapigiwa simu mpaka kesho. Katika wimbo huo kuna gitaa la solo ambalo mzee anaapa ni la Hanzuruni mwenyewe, na mwenye kikapu cha kanda anasema si yeye, ni kijana aliyekuwa akijifunza kwake. Ubishi huo una umri mkubwa kuliko nyumba wanamobishania. Na hapa, ndugu msikilizaji, ndipo mimi ninapoingia kizimbani.

Ili unielewe, lazima ujue nyimbo hizi zilihifadhiwa vipi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka santuri iliangalia Kenya, na santuri yenyewe ilikuwa ile ndogo, ambayo upande mmoja hubeba dakika tatu au nne. Wimbo ukakatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili ule wa nyuma. Maneno unayapata upande wa kwanza. Gitaa linapochemka, geuza. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa tena mwaka 1983. Njia ya Nairobi ikawa ngumu.

Iliyobaki ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliitwa studio pale Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Barabara ya Nyerere, zikarekodiwa kwenye kanda kubwa za rili. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, kwa vipaza sauti vichache. Akikosea mmoja, wanarudia wote. Hapakuwa na haja ya kugeuza upande, kwa hiyo wimbo uliachwa ukachemka mpaka ukaiva. Nyingi ya kazi bora za miaka ya 1970 na 1980 ziko katika kanda hizo. Lakini hazikuwa bidhaa za dukani. Zilipigwa hewani, na ukitaka kuwa nao wimbo nyumbani kwako, unaitega redio kaseti, kidole juu ya kitufe, unamsubiri mtangazaji.

Baba yangu alikuwa mtegaji hodari. Alikuwa na kanda moja ambayo aliianza kurekodi kabla mtangazaji hajamaliza kusema, makusudi, kwa sababu mtangazaji yule alikuwa na tabia ya kutaja wapigaji mmoja mmoja, huyu solo, huyu rithim, huyu besi. Wimbo wa pili katika kanda ile ulikuwa ndio huo unaogombewa Mikocheni. Baba alikuwa amevunja vile vijino viwili vya juu ya kanda, ili mtu asiweze kurekodi tena juu yake.

Mwaka 1995 mimi nilikuwa na miaka 14. Redio za binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza, na zilikuwa zinapiga rap. Sikuwa na pesa ya kanda tupu. Nikaichukua ya baba, nikaziba yale matundu mawili kwa karatasi na selotepu, nikarekodi juu yake, pande zote mbili.

Baba alipoiweka Jumapili na kusikia vijana wanaghani Kiingereza, hakunipiga. Aliitoa kanda, akaitazama ile selotepu, akaniambia, "Umefuta watu." Alifariki mwaka 2006, na hatukuwahi kulizungumza tena. Mimi nikasoma uandishi wa habari, nikapata stashahada yangu, nikaingia redioni, na kwa miaka mingi nimekuwa nikihimiza watu watunze urithi wetu. Jina la mpiga gitaa yule nililisikia utotoni mara mia, na silikumbuki.

Nilipolisema hilo barazani hakuna aliyecheka. Yule mzee wa santuri za kitenge alisema tu, "Ndiyo maana mimi siazimi." Akatusimulia. Mwaka 1989 aliazima santuri tatu kwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Moja ilirudi imevunjika. Mbili hazijarudi hadi leo, na rafiki amekwisha kuzikwa. Tangu hapo santuri zake haziingii katika nyumba ya mtu. Ukitaka kusikiliza, utasikiliza mbele yake, mkono wake ukiwa juu ya mashine.

Mama muuguzi akamjibu, "Na wewe ukifa?"

"Watoto wangu wanajua."

"Wanajua bei ya chuma chakavu. Kitenge watakifua, santuri wataweka vikombe juu yake."

Maneno makali, lakini yamekwisha kutokea katika nyumba ngapi za mji huu? Nayo si ya nyumba tu. Mwaka 1987 kampuni moja ya Marekani, Original Music, ilitoa mkusanyo wa "The Tanzania Sound". Mwaka 2000 kampuni ya Ujerumani, Dizim, ikatoa CD ya Salum Abdallah na Cuban Marimba iitwayo "Ngoma Iko Huku". Tunawashukuru, kazi ni nzuri. Lakini jina la CD lilisema ngoma iko huku, na mtu wa Morogoro aliyeitaka ilimbidi aagize ng'ambo. Mwaka 2012 walijitokeza vijana wakachangisha fedha ili kanda za redio yetu zihamishiwe kwenye kompyuta. Nao walikuwa wameona kile alichokiona mama muuguzi, kwamba kanda inaoza hata kama imefungiwa kabatini.

Yule kijana wa saksafoni akatoa shauri. Santuri zisitoke ua ule. Yeye ataleta kompyuta yake, waya uunganishwe na mashine ya mzee, kila Jumamosi wanakili tano, mwenye mali akiwa amekaa pale pale. Mzee wa kitenge alifikiri kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa, akakubali, kwa sharti kwamba sindano ataiweka yeye.

Kabla hawajaanza, mama akauliza swali ambalo mashabiki wengi hulikwepa. "Na wenyewe waliopiga, watapata nini?" Akamtaja Muhiddin Maalim Gurumo, aliyeimba NUTA, akaimba Mlimani Park, akaimba Msondo. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya kuimba kwa takribani miaka 50, watu walishangaa kusikia kwamba hajawahi kumiliki gari. Msanii kijana, Diamond Platnumz, ndiye aliyempa gari. Mwaka uliofuata, Aprili 2014, Gurumo akafariki. Sisi sote pale tulikuwa na sauti yake nyumbani, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema amewahi kumlipa hata shilingi, nje ya kiingilio cha ukumbini.

Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya mwaka 1999. Baraza halina uwezo wa kuwalipa wafu, lakini lilipitisha mambo mawili. Nakala zile hazitauzwa na yeyote. Na kila wimbo utaandikiwa majina ya waliopiga, kwa kadiri yanavyojulikana, ili siku mrithi akija kudai haki ya mzazi wake, akute pameandikwa. Palipo na ubishi yaandikwe majina yote mawili, pamoja na jina la shahidi wa kila upande.

Jumamosi iliyopita wameanza. Santuri ya kwanza ilikuwa ya Western Jazz. Mzee wa kitenge aliweka sindano kwa mkono uliokuwa unatetemeka kidogo. Sehemu ya kwanza ikaisha, akageuza, kijana akaunganisha sehemu mbili kwenye kompyuta yake, na kwa mara ya kwanza tukausikia wimbo ule mzima bila kusimama. Mikwaruzo ipo. Mzee wa reli alifumba macho. Mama muuguzi, mtu wa Dar Jazz, alinyanyuka akacheza, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha chama chake.

Kisha wakafika kwenye wimbo wetu, ule wa kesi. Mwenye kikapu anao, lakini naye alichelewa kubonyeza, kwa hiyo mtangazaji hayumo. Gitaa likaanza tu, peke yake. Wakabishana mpaka adhana ya magharibi. Katika daftari yakaandikwa majina mawili. Nikaomba nami niandikwe shahidi, nao wakaandika kwamba fulani alikuwa na jibu, akalifuta mwaka 1995.

Ndugu msikilizaji, ndugu msomaji, huenda chini ya kitanda cha mama yako kuna kanda. Kabla hujaitupa, kabla hujaipima kwa kilo, itazame kwa juu. Ukikuta vijino viwili vimevunjwa, jua kuna mtu aliyetaka isifutwe. Tafuta mahali pa kuisikiliza. Na kama mwanzoni kuna mtangazaji anataja wapiga gitaa wa Western mmoja mmoja, nakuomba uniandikie kupitia gazeti hili. Kuna wazee Mikocheni wanasubiri, na kuna mtu mmoja wa redio anayesubiri zaidi yao.

Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.